Mtambo wa Barafu wa Matrah na Mji wa Visiwa Viwili

Kitu cha mwanzo nilichokabidhiwa kazini kilikuwa chetezo. Ilikuwa mwaka 1966, katika kiwanda cha barafu cha tajiri mmoja wa Matrah, ng'ambo ya majabali ukitokea Maskati. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wazazi wangu walikwisha kutangulia mbele ya haki. Nilikuja kutoka Unguja na wadogo zangu watatu, na skuli niliiacha mapema ili wao wale.

Msimamizi, Mpemba mfupi mwenye sauti kubwa, akanionesha la kufanya. Kila asubuhi niwashe makaa, nitie ubani, niuzungushe moshi chumba kizima cha mtambo.

"Tajiri hataki wateja wasikie harufu ya dawa," akasema. "Na ubani ni baraka pia. Usisahau hata siku moja, weye."

Dawa ndiyo amonia, gesi inayofanya baridi. Pampu kubwa huibana mpaka ikawa moto, kisha hupita katika mabomba yanayopozwa kwa maji ya bahari, ikageuka maji. Kutoka hapo hupenya valvu ndogo, na ikishatoka upande wa pili hutanuka na kuwa baridi kali. Mabomba hayo ya baridi hupita ndani ya tangi la maji ya chumvi, na humo husimamishwa makopo marefu ya maji matamu. Kesho yake unatoa pande la barafu linalobebwa begani juu ya gunia. Haya nayaeleza leo. Wakati ule nilijua kutia mafuta, kutia chumvi na kufukiza.

Mwaka wa tatu barafu ikaharibika. Pande lilitoka jeupe nje, katikati limejaa maji.

"Barafu gani hii yenye uji ndani?" wauza samaki wakanicheka. "Utupe na vijiko basi."

Msimamizi akanisingizia kuwa nimekosea chumvi. Tajiri akaagiza fundi kutoka Denmark, ulikotengenezwa mtambo, na akasema mbele yetu sote kwamba fundi akishindwa, atafunga kiwanda. Mimi sikuwa na pengine pa kwenda. Vijana wenzangu walikuwa wakivuka kwenda Kuwait na Bahrain, lakini wadogo zangu ningewaacha na nani?

Fundi alikuwa Bwana Jens, mrefu, shingo imeungua jua. Tulielewana kwa Kiingereza, changu kibovu na chake hakikuzidi sana. Nilimuuliza mji wake.

"Nykøbing," akasema. "Uko visiwa viwili."

"Mji mmoja utakaaje visiwa viwili?"

"Wewe unasimamaje kwa miguu miwili?"

Akachukua chaki, akachora sakafuni. Huku kisiwa cha Falster, penye sehemu kubwa ya mji na kiwanda cha sukari. Kule kisiwa cha Lolland, penye mtaa wa Sundby. Kati yao mkondo mwembamba wa bahari, na daraja linaloinuka meli zikipita.

"Mama yangu yuko huku, mchumba wangu yuko kule," akasema. "Daraja likiinuka, wote wawili wananinunia."

Kisha akaniambia nitazame mtambo. Falster ni upande wa moto, Lolland upande wa baridi, valvu ndiyo daraja. Gesi ni watu, wanavuka na kurudi. "Watu wakipungua mjini, basi pana tundu wanapotorokea. Tutafute."

Siku ile nilijua kazi yangu.

Alitafuta kwa kijiti cha salfa. Ukikiwasha na kukipitisha penye tundu, moshi wake ukikutana na amonia huwa mzito, mweupe. Alipitisha asubuhi mbili, hakuona kitu. Akaanza kufunga sanduku lake la spana.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipofahamu. Alikuwa akitafuta moshi ndani ya moshi wangu. Na pua zetu zilikwisha kuzoea ubani, hazikunusa jingine. Lakini ubani ni amri ya tajiri.

Asubuhi ya tatu sikuwasha makaa. Tajiri akaingia, akasimama mlangoni.

"Ubani uko wapi leo?"

"Sikufukiza, Sheikh."

"Nani kakwambia usifukize?"

"Hapana mtu. Nnaomba saa moja tu. Tusipoona kitu, nitaondoka mwenyewe."

Msimamizi akajishika kichwa. Tajiri akavuta kiti, akakaa, akatoa saa yake mfukoni. Haikufika nusu saa, sote tukatokwa na machozi kwa ukali wa dawa. Bwana Jens akapitisha kijiti, na penye shingo ya valvu moshi ukasimama mweupe kama pamba.

"Darajani," akaniambia.

Tajiri alijifuta macho kwa ncha ya masari, kilemba chake. "Basi miaka yote hii naficha ugonjwa wangu mwenyewe," akasema. Akamgeukia msimamizi: "Funguo za chumba hiki mpe huyu."

Bwana Jens aliniandikia baadaye kwamba ameoa, na kwamba pande zote mbili za mji sasa ziko chini ya baraza moja. Mimi nilikaa Matrah mpaka 1970, kisha nikahamia vyumba vya baridi vya serikali, na mwisho soko la mboga la Mawaleh, nilikostaafia. Wadogo zangu wote watatu walisoma, serikali ilipofungua skuli nchini. Siku hizi mmoja wao hunipeleka Al Khuwair kwa gari yake kuchukua pensheni, na njia nzima hunigombeza kwa kutofunga mkanda.

Vijana huniuliza nilipata wapi ushujaa wa kumuasi tajiri. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na watoto watatu wanaosubiri chakula, na niliona kwamba ningefukiza tena asubuhi ile, kazi yangu ingekufa huku inanukia vizuri.