Kizibo Kwenye Pindo la Leso

Mashua yetu ni ndogo. Ikishapakia mwani na wanawake watatu, wa nne atabaki pwani hata akiwa mwembamba kama ufito. Alituachia baba yangu, aliyekuwa akivua nayo samaki, na tangu afariki sisi wanawake wa nyumba yake tunaitumia kwenda kwenye mashamba yetu ya mwani hapa Kibuyuni, karibu na Shimoni. Watu wa bara wakisikia neno shamba hufikiria jembe. Shamba letu ni kamba zilizofungwa kwenye vigingi baharini, na jembe letu ni vidole.

Mwani uliovunwa haukubali kuja peke yake. Huja na maji yake, mchanga wake na wadudu wake, na vyote hivyo huishia chini ya mashua. Ndiyo maana kila tukirudi, kazi ya kwanza baada ya kushusha mzigo si kuanika mwani. Ni mashua. Tunaipandisha juu ya magogo mpaka pale maji makuu yasipofika, tunaielekeza nyuma yake baharini ili iinamie, kisha Mama anapiga magoti na kuchomoa kizibo. Tundu liko huko nyuma, chini kabisa, upana wake kama kidole gumba cha mwanamume. Maji hutoka kwa nguvu kwanza, halafu yakawa membamba, halafu tone tone. Mara nyingine hutoka na kikaa kidogo, kikaenda zake upande upande.

Mama haondoki mpaka tone la mwisho. Husikiliza. Tukiwa na njaa, jua likituchoma utosi, yeye amepiga magoti anasikiliza. Kisha hupitisha kitambaa ngamani, kule chini mbavu za mashua zinapokutana, anakamua nje, anarudia, mpaka ubao ubaki na unyevu tu. Kaka yangu, ambaye hufanya kazi hotelini Diani na huja nyumbani siku za mapumziko akiwa na maneno mengi kuliko redio, aliwahi kumwambia kwamba maji kidogo hayana neno, yatakauka yenyewe.

"Maji hayakufuati mpaka nyumbani kwa mapenzi," Mama alimjibu, akaendelea kukamua.

Kizibo chenyewe ni kipande cha mti alichokichonga baba, kimezungushiwa utambi wa kitambaa ili kikaze. Hakiachwi kwenye mashua. Mvua ikinyesha usiku, maji lazima yapate njia, kwani maji ya mvua ndiyo yanayoozesha mbao, si ya chumvi. Na tena mashua isiyo na kizibo hakuna mtoto wa kuichukua kwenda kuchezea. Kwa hivyo aliyekichomoa huondoka nacho, na kwetu aliyekichomoa siku zote ni Mama. Hukifunga fundo kwenye pindo la leso yake ya juu, pale wanawake wengine wanapofunga hela. Pwani yote ilijua pindo lile lina nini. Asubuhi mashua haiendi mpaka aje, na siku alipokuwa na homa tulikwenda kumgongea mlango, tukamjulia hali, ndipo tukapewa kizibo. Hakuna aliyewahi kwenda baharini bila kujua Mama ameamkaje.

Sasa Mama amezeeka. Magoti yanalia, na kichwa kimeanza kumchezea. Hutia chumvi mara mbili, au asitie kabisa. Huniuliza swali, nikamjibu, akaniuliza tena kwa adabu ile ile kama mgeni. Mimi si mtu wa subira, nasema kweli. Mara ya tatu sauti yangu hupanda bila kuniomba ruhusa.

Lakini kuna neno moja ambalo hata mimi na ulimi wangu huu sikuwahi kulitamka mbele yake: pumzika. Dada yake mkubwa aliambiwa apumzike. Wanawe walimwondolea jembe, wakamwondolea jiko, wakamwondolea hata kuchambua mchele, yote kwa mapenzi. Alikaa mkekani akitazama ukuta. Mama alikuwa akienda kumtazama kila Ijumaa, na alirudi akisema, "Wamempumzisha mpaka hana kazi ila kufa." Na kweli hakukawia kufa. Tangu hapo nilijua Mama anaogopa nini. Haogopi bahari, wala kaburi. Anaogopa kuachwa juu ya mkeka.

Basi siku moja tukasukuma mashua, sisi watatu: Mama, mimi na wifi yangu, mke wa huyu kaka mwenye maneno. Tulikuwa tumeshatoka kidogo, maji kiunoni, niliposikia baridi kwenye vifundo vya miguu. Nikatazama chini. Kikapu kilikuwa kinaelea ndani ya mashua. Nikamtazama Mama, naye amekaa ametulia, mkono juu ya pindo, na fundo limejaa.

"Mama, kizibo kiko wapi?"

"N'nacho," akasema, akalipapasa fundo. "Sikukisahau."

Wifi alicheka mpaka akashindwa kufua maji kuyatoa mashuani. Mimi sikucheka. Nilitia kisigino changu kwenye tundu, nikamfokea Mama alifungue fundo, na vidole vyake vikawa vinateleza, fundo halifunguki. Nililifungua kwa meno. Hakukuwa na hatari yoyote, pale mtu mzima husimama. Ila jioni Mama alipochomoa kizibo alikaa akisikiliza hata baada ya matone kwisha.

Wifi yangu si mtu mbaya. Ana akili ya kazi, na ana watoto wanaokula mwani huo, maana ndio unaonunua unga. Alinivuta kando tukianika, akasema, "Wifi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tulikuwa maji ya kiuno. Siku ya mkondo je? Mama apumzike."

Nilimwambia akirudia neno hilo nitammwagia mwani kichwani. Lakini usiku ule nilijua amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Wiki iliyofuata alikwenda Ukunda, akarudi na kizibo cha mpira, cheusi, kipya, kimekaa vizuri kwenye tundu kana kwamba kimezaliwa nalo. Akanipa mimi nikiweke. Nikakitia kwenye kapu chini ya mabaki ya kamba, nikajifanya sikukiona.

Halafu ikaja siku ya msiba. Tulikuwa tumerudi, mwani umeshushwa, Mama amechomoa kizibo na kukifunga pindoni, ndipo mtu akaja mbio kutuita: jirani yetu wa mtaa wa juu amefariki, na wanawake wanatakiwa kwa maiti. Mama alikwenda vile vile alivyo, miguu ina mchanga. Maiti wa kike akioshwa, wanawake humshikia leso juu na pembeni ili asitirike, na leso hazikutosha. Mama akavua yake ya juu akaitoa. Alirudi nyumbani Magharibi akiwa amejifunika shuka ya kuazima, na hakuna aliyewaza lolote. Mtu anayetoka kumwosha mwenzake haulizwi nguo zake ziko wapi.

Ilikuwa asubuhi tulipokumbuka. Zilikuwa siku za bamvu, wakati maji yanapokupwa mbali hata mashamba yakaonekana, na bamvu halimngoji mtu. Mama alisimama kando ya mashua akipapasa leso nyingine, upande huu, upande ule. Alipapasa mpaka nikamshika mkono.

"Leso imebaki msibani," nikamwambia.

"Kaichukue."

"Mama, nitaingiaje nyumba ya matanga kudai leso?"

Yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Leso iliyomsitiri maiti hairudishwi kwa kudaiwa. Huoshwa na wenye msiba, ikaletwa yenyewe matanga yakishaanuliwa, siku ya tatu. Mpaka hapo mtu hasemi kitu, hata kama pindoni mwake kumefungwa dhahabu.

Wifi alijua nilikokificha kizibo chake. Alikwenda kwenye kapu, akatoa ule mpira, akautia kwenye tundu, akaupiga kwa gogo mara mbili. Kisha akanitazama. Mama naye akautazama mpira, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

"Haya, nendeni," akasema. "Maji yapungua."

Tulikwenda. Tulikwenda na kesho yake. Mama alikuwa akishinda msibani, ambako angalau palikuwa na watu na mchele wa kuchambua. Tukirudi wifi alikuwa akichomoa mpira, anaosha mikono, anaondoka. Mimi nilipiga magoti kusikiliza, nikaona haya, nikainuka. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na wifi kwa kuwa na haki, na mpira kwa kukaza vizuri, na marehemu, Mungu amrehemu, kwa kuchagua wiki ya bamvu.

Siku ya tatu, alasiri, binti wa marehemu alikuja kwetu na leso za watu zimekunjwa. "Shikamoo, Bibi," akamwambia Mama, akampa yake. "Hii tumeifua na fundo lake. Wakubwa walisema tusilifungue, lisije likafunguliwa na mkono mwingine."

Mama alilifungua kwenye kizingiti. Safari hii vidole havikuteleza. Kizibo kilikuwa kimevimba kwa maji ya kufulia, kimepauka, kinanukia sabuni. Alikinusa akacheka kidogo. Kisha akaniuliza, "Mlikwenda jana?"

"Tulikwenda."

"Na leo?"

"Na leo."

Akakigeuza mkononi. Siku nyingine angesahau, angeuliza tena. Siku ile hakusahau. "Kwa hivyo mashua yaenda bila mimi," akasema.

Mimi mwenye jibu kwa kila mtu, niliinuka. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, nikalia huko. Si kwa sababu alikuwa amekosea. Ni kwa sababu alikuwa amesema kweli na sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo.

Kesho yake alfajiri nilitangulia pwani nikauchukua ule mpira kapuni kabla wifi hajautia. Nikaacha tundu wazi, nikarudi nyumbani, nikapiga hodi mlangoni kwa Mama kama ninavyopiga kwa mgeni. "Mashua haina kizibo," nikasema. Alijua ninachofanya. Hajaanza ujinga, kichwa tu ndicho kinachomchezea. Akajifunga leso, akanishika bega, tukashuka polepole. Njiani alisimama mara mbili kwa ajili ya magoti. Wifi alikuwa anatungoja, mikono kiunoni, maji yanazidi kukimbia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakunipa. Alimwamkia Mama, akasogea, akampisha.

Mama akafungua fundo, akatia kizibo, akakipiga. Nilikijaribu kwa kidole yeye akiwa amegeuka. Kisha akakaa kwenye gogo. Hakuna aliyemwambia asipande. Alikaa mwenyewe, akasema, "Magoti haya si ya kupanda leo. Mkirudi nitakuwa hapa."

Na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mama haendi tena baharini. Hushuka asubuhi, akakiziba, tukaenda. Hubaki pwani na wanawake wanaoanika, wakipiga porojo, akiwagombeza kwa namna wanavyotandaza mwani. Tukirudi yupo. Tunapandisha mashua, yeye anapiga magoti, ingawa siku hizi namshika kwapani akishuka na akiinuka, anachomoa, na sote tunangoja tone la mwisho. Wifi naye hungoja. Husema anapumzisha mgongo. Wapita njia wakimuuliza Mama kama bado anakwenda mwani, hujibu kwamba yeye haendi, ila hakuna anayekwenda kabla yake.

Asiyoyajua ni haya. Ule mpira sikuutupa. Kila asubuhi huwa nimeufunga kwenye pindo la leso yangu, na kila asubuhi, tukishasukuma na kabla maji hayajafika kiunoni, nainama kama ninayepanga kamba na kupapasa tundu. Mara moja nilikuta kizibo kimekaa upande. Nikakikaza, nikaendelea kupanga kamba. Ipo siku nitakuta tundu tupu, au nitapiga hodi na Mama aniulize kizibo ni nini. Nimejitayarisha kwa siku hiyo kama mtu anavyotayarisha sanda yake, yaani ipo kabatini lakini simwonyeshi mtu.

Juzi nilipomshika kuinuka, mkono wake uliangukia pindo langu, ukakuta fundo. Akalibonyeza kwa vidole viwili.

"Una nini hapa?"

"Dawa ya kichwa, Mama."

Hakunitazama. Alilishika lile fundo, akalivuta ncha zote mbili kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akalikaza.

"Basi funga vizuri," akasema. "Mimi changu kilipotea msibani."