Madebe Mawili ya Chenga

Mwezi uliopita nilishuka Makambako kusubiri gari la Njombe, nikaingia mgahawani kukimbia baridi. Mhudumu akaniletea wali wa chenga, zile punje zilizovunjika, akaniomba radhi kwamba mchele mzima umewaishia. Nilikula vijiko viwili tu. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungedhani nalia kwa sababu ya chakula kibaya.

Nilikuwa na miaka kumi hivi bibi alipoanza kunichukua gulioni, hapo hapo Makambako. Tuliondoka kijijini, upande wa Mdandu, ukungu ukiwa bado umeifunika miti ya miwati, tukikaa juu ya magunia kwenye lori, vidole vimekufa ganzi. Bibi alijua Kibena tu, kwa hiyo Kiswahili changu cha shule ndicho kilichokuwa mdomo wake.

Huko tulimkuta mama mmoja wa Usangu, muuza mchele. Siku ya kwanza walivutana mpaka nikachoka kutafsiri. Bibi alitaka mchele, yule mama alitaka viazi, na kila mmoja aliona cha mwenzake ni ghali. Bibi alikwisha kufunga gunia lake, kisha akanigeukia. "Muulize, viazi vyangu atavifanyia nini?"

"Nawapikia wavunaji shambani," mama akajibu. "Nachemsha na maganda yake, sina mtu wa kumenya. Na wewe mama, mchele wa nini?"

Bibi akanieleza kwa Kibena. Babu alikuwa anaumwa koo, ugali haupiti, akihitaji uji laini. Nikatafsiri.

Yule mama akacheka, akafungua kiroba kilichokuwa nyuma yake. Zilikuwa chenga, ambazo wateja wa mjini walizikataa, akawa anawamwagia kuku. Bibi naye akanituma nimwambie kuwa nyumbani tuna viazi vidogo vidogo vinavyoliwa na nguruwe. Tangu gulio lililofuata ikawa debe la chenga kwa debe la viazi, na kila mmoja aliondoka akiamini yeye ndiye aliyependelewa. Babu akapata nguvu, akawa anatoka nje kuota jua.

Mwaka wa tatu miguu ya bibi ilivimba, akanituma peke yangu. Sakitu, ile baridi ya barafu, ilikuwa imeunguza mashamba mengi, viazi vimeadimika, nami nikajiona mjanja.

"Leo ni madebe mawili ya chenga kwa debe moja," nikamwambia yule mama.

Aliniangalia. "Mama mwenyewe ndiye kasema?"

"Ndiye kasema."

Akapima la kwanza, akapima la pili, bila kucheka. Wavunaji walikuwa wanamsubiri, angefanya nini? "Msalimie," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Bibi alipouliza mzigo umekuwaje mkubwa hivyo, nikajisifu. Hakunipiga. Alikaa kitako karibu na moto, akasema, "Yule ndiye aliyekuwa anamlisha babu yako."

Gulio lililofuata akajikongoja mwenyewe, nami nimejitwika debe la kurudisha. Mahali pa yule mama palikuwa patupu. Tulisubiri mpaka lori likapiga honi. Tukasubiri na gulio lililofuata, na lingine tena. Jirani yake akatuambia amehamia soko jingine, hajui ni lipi.

Chenga zikaisha, na mchele mzima tulinunua kwa vikombe. Babu hakuvuka masika. Mganga wa zahanati alisema ni ugonjwa wake tu, uji usingeuzuia. Bibi aliyarudia maneno hayo mbele ya wageni wa msiba, kwa sauti, ili niyasikie. Lakini hakunichukua tena gulioni.

Sasa bibi naye hayupo. Shamba lake limepandwa parachichi, na wanunuzi hupiga simu, wakataja bei na kukata. Pale tulipokuwa tukishusha magunia pamejengwa fremu za maduka. Mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, na watu hunisifu kwamba sipunjiki.

Jina la yule mama sikuwahi kulijua. Bibi alimwita mwanangu, mimi nikamwita mama, tukaona inatosha. Leo nikitaka kwenda Usangu kumwomba radhi, nitamuulizia kwa nani, na nitasema namtafuta nani?