Dumu Moja Hadi Kakuma

Akiru wa mtaa wa Kanamkemer ni fundi wa magari ambaye utamsikia kabla hujamwona. Nati ikimgomea, anaitukana. Ikilegea, anajisifu hadi jirani asikie. Na kwa nini asijisifu?

Shida yake ilikuwa gari kuukuu, Land Cruiser waliloachiwa na baba yao, yeye na kaka yake Adome. Lilikunywa petroli, jamani! Dumu la lita ishirini lilikauka kabla ya Kakuma, na samaki wakavu waliowabeba waliishia kulipia mafuta tu. Adome alichoka akazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Jumamosi anakuja kulikatakata," alisema.

"Akanyage hapa aone!"

Ugonjwa Akiru aliujua. Injini ilisukuma magurudumu yote manne kila wakati, hata kwenye lami. Tena Adome, kwa kuogopa mchanga wa laga, mito yetu mikavu, alikuwa amelivisha matairi mapana mazito.

"Unatembea na kitanda mgongoni kwa sababu usiku utalala," Akiru alimwambia.

Akaingia chini ya gari. Akabadilisha mtambo wa katikati ili nguvu iende nyuma peke yake, na kwenye magurudumu ya mbele akafunga vifungo vya kuzungusha kwa mkono. Ukivifungua, magurudumu yanabiringika bure. Ukivifunga, yanasaidia kusukuma. Matairi mapana akayatupa kando, akaweka membamba.

Mtaa mzima ukacheka. "Akiru amemvunja punda miguu ya mbele!"

Adome alikubali safari moja tu: dumu moja, samaki hadi duka la Aden, Kakuma. Likifika, libaki. Likizima njiani, basi.

Ijumaa wakaondoka, Adome kwenye usukani. Kwenye lami gari likateleza vizuri hadi Akiru akaanza kuimba. Halafu wakakuta laga imemwaga mchanga juu ya barabara.

"Simama nifunge mbele," Akiru akasema.

Adome kusimama? Dereva wa huku hashuki mbele ya laga; watu watamwona mgeni. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazama, injini ikanguruma, petroli ikiteketea bure.

"Zima! Zima, wewe mwanamume! Unakunywa Kakuma yetu!"

Akazima. Akiru alishuka haraka, kwa maana kila tone lililopotea lilikuwa uhai wa gari. Akautembea mchanga kwa miguu, akachagua pagumu, akafukua magurudumu, kisha akavifunga vile vifungo viwili.

"Sasa polepole. Kama unaamsha mtoto."

Gari likatikisika, likauma mchanga, likapanda taratibu hadi lami. Akiru akapiga vigelegele peke yake katikati ya barabara, kisha akavifungua tena vifungo.

Mbele ya duka la Aden, Adome akashuka. Alitumbukiza kijiti kirefu kwenye tangi, akakitoa, akakigeuza juani. Ncha ilikuwa imelowa petroli.

"Ejok, vizuri sana, fundi!" Aden akacheka. "Kesho kutwa nileteeni tena."

Simu ya Adome ikalia. Alikuwa yule wa vyuma chakavu, akiuliza kesho aje saa ngapi.

"Usije," Adome akajibu, akimtazama Akiru, ambaye tayari alikuwa akijisifu kwa wapakuzi. "Gari ni la dada yangu. Mimi ni dereva tu, na siku hizi nashuka nikiambiwa."