Feni Inayotema Oili

Baba Mapacha aliposikia mkewe akipiga ukelele uani, alizima injini ya trekta haraka. Mashuka meupe yaliyoanikwa kwenye kamba yalikuwa yamejaa madoadoa meusi, kama mtu ameyanyunyizia wino kwa makusudi.

"Baba Mapacha, hii ni nini?"

"Oili."

"Naona ni oili. Nakuuliza imefikaje kwenye mashuka ya mama yako?"

Akamwonyesha feni kwa spana. Trekta lile alilirithi kwa marehemu baba yake, na lilimzidi umri. Feni yake iliyokaa nyuma ya rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilizunguka juu ya shafti, mhimili wa chuma uliolowa oili ndani ya kikasha chake, na pete ya mpira, yaani sili, ndiyo iliyozuia oili isitoke. Sasa haikuzuia kitu. Injini ikiwaka tu, feni inatema oili kila upande. Na sili ile ilikuwa mpya! Alikuwa ameifunga jana yake, akajipongeza hadi akala chakula huku anapiga mluzi.

Alivaa viatu bila soksi, akaenda moja kwa moja dukani kwa muuza spea, mdogo wa mkewe.

"Shemeji, umeniuzia takataka."

"Sili ni nzima, shemeji. Shafti yenyewe umeikagua?"

"Mimi wa kufundishwa shafti na wewe?"

Akarudi nyumbani amevimba. Akafungua feni upya, akachomoa shafti, akaifuta kwa kitambaa na kupitisha ukucha. Ukucha ukanasa. Pale sili inapokaa, chuma kilikuwa kimelika kikafanya mfereji, na oili ilipita humo kwa raha zake. Alikaa chini akaitazama shafti kwa hasira, maana shemeji amesema kweli, na kumwambia hivyo hawezi.

Mama yake alikuwa barazani akichambua mboga. "Mwanangu, mbona unajitesa? Baba yako alikuwa anaongeza oili asubuhi, halafu anakwenda kulima."

"Ndiyo maana limenifikia likiwa hivi, mama!"

"Limekufikia likiwa linalima," mama akajibu, wala hakuinua macho.

Wingu lilikuwa linajikusanya kila alasiri, majirani wameshapanda, na shamba lake bado ni majani matupu. Akapeleka shafti kwa fundi wa kukereza vyuma, ambaye alimzungusha kwa njoo kesho, njoo kesho, mpaka Baba Mapacha akaamua kushinda palepale mlangoni, anamkodolea macho. Mwishowe shafti ikavalishwa kikoti chembamba cha chuma kilichofunika ule mfereji, ikawa laini kama kioo.

Alifunga kila kitu kwa pupa. Akawasha. Akashika kitambaa cheupe pembeni ya feni: kikavu. Hata tone!

"Mama Mapacha! Njoo uone!"

Mkewe alitokea mlangoni, na hapohapo ikasikika krrrr! Maji ya moto yakaruka toka kwenye rejeta, Baba Mapacha akaruka nayo. Injini ilipozimwa, aliona mapanga ya feni yamekwangua rejeta na kuitoboa. Akachungulia ndani ya kopo la mafuta ya taa alimooshea vipuri. Chini kabisa ilikuwa imelala washa nene, kile kipete cha chuma kinachoizuia feni isisogee mbele. Ameisahau mwenyewe.

Spana ikarushwa ukutani. Mkewe alikuwa ameuma midomo, mabega yanamtikisika.

"Cheka tu," akamwambia.

"Sicheki."

"Unacheka."

Basi mkewe akaangua kicheko, na mama barazani akadakia. Baba Mapacha hakucheka. Aliingia ndani akajilaza na ovaroli lake, na siku ile hakutaka kuambiwa kitu na mtu yeyote.

Rejeta ililehemiwa, washa ikarudishwa mahali pake. Walilima mvua ikiwa imeshaanza, jembe linakwama kwenye tope, mahindi ya jirani yakiwa yameshachipua. Feni ilikuwa kavu kabisa. Mkewe, aliyekuwa akifuata nyuma akiokota mawe, alimpigia kelele kuisifu ile feni.

"Nyamaza kwanza," alisema Baba Mapacha, kwa sababu sasa gia nayo ilikuwa imeanza kulia vibaya.

"Sikusikii!"

"Bora!" akajibu, akaendelea kulima.