Machungwa ya Ngedere

Juzi, nilipotaka kuvuka lami mbele ya nyumba ya bibi, nje kidogo ya Muheza, nilitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, mpaka mwenye genge akaniuliza kama nimesahau kitu. Ndivyo nilivyo. Ila kwa barabara hii nina sababu.

Kama ulikulia kwenye machungwa, unaujua msimu. Asubuhi kuchuma, mchana kuchambua, mikono ikinuka maganda hata wakati wa kunywa uji. Mapooza, yale yaliyodondoka au kuoza upande mmoja, bibi hakuyaacha yazagae. Aliyabeba kwa ndoo hadi ng'ambo ya barabara, chini bondeni, ngedere washibe huko wasivuke kuja kwenye mahindi yetu. Jirani alimtania: "Shoga, Ramadhani utawaalika futari." Bibi akamjibu kwamba wakija watakula kwa adabu kumshinda yeye.

Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo. Lori likija, ngedere walilisikia tangu mlimani, wakakaa mitini hadi lipite. Kisha ikaja lami. Miti ambayo matawi yake yalikutana juu ya barabara ilikatwa, na magari yakawa yanatokea konani pamoja na mlio wake.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne, na kazi ya ndoo nikapewa mimi. Bondeni niliogopa nyoka. Kando ya lami, upande ule ule wa bonde, mafundi walikuwa wamechimba mtaro. Nikamwaga humo siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Ngedere wakaliacha bonde. Jioni walikaa juu ya lami yenyewe, ingali na joto la mchana, wakimenya.

Asubuhi moja tulimkuta jike amegongwa, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Mtoto aliishi mpaka adhuhuri.

"Ndoo unamwaga wapi?" bibi aliniuliza.

"Bondeni, bibi."

Aliutazama mtaro uliojaa maganda. "Basi jioni twende wote, ukanionyeshe hilo bonde."

Tulikwenda. Alinishika mkono kuvuka, tukashuka polepole kwa sababu ya goti lake, nikamwaga huku nalia. Hakunigombeza, wala hakumwambia mama. Tulishuka hivyo msimu mzima. Lakini ngedere walikwisha kuzoea mtaro. Walirudi kuupekua hata ulipokuwa mtupu, na mmoja mmoja wakagongwa.

Nimejaribu sana kujiambia kwamba lami ingewamaliza hata bila mimi. Pengine. Bonde sasa limejaa nyumba, na mapooza huozea pale pale yanapoangukia.

Mahindi ya bibi siku hizi hukomaa yote. Juzi alinichomea mawili. Tulikula, na hakuna kati yetu aliyesema kwamba mwaka huu mavuno ni mazuri.