Kidevu cha Mkalimani

Nyumba yetu ya Kwale ilikuwa na harufu yake ya alfajiri, na haikuwa ya chai wala ya mahamri. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi, ya sabuni ya kunyolea, na ya maji yaliyochemshwa kwa kuni mbichi. Baba alikuwa akiswali kwanza, kisha akautundika mkanda wa ngozi kwenye msumari wa mlango wa uani, akauvuta kwa mkono wa kushoto na kuupitisha wembe juu yake, kwenda na kurudi, mara arubaini. Kwale iko kilimani na asubuhi ukungu huingia hadi vyumbani, kwa hivyo harufu ile haikuwa na pa kwenda. Ilikaa nasi mpaka jua lichomoze. Wembe wenyewe ulikuwa wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Aliununua Mombasa alipoajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama, na kwetu sisi watoto kuugusa kulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja mtungi.

Kazi ya Baba ilikuwa mdomo. Mdigo wa Majoreni au Mduruma wa bara akisimama mbele ya hakimu Mzungu, Baba ndiye aliyeyachukua maneno ya huyu akayafikisha kwa yule. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hata nyumbani, tulipogombana na kila mmoja akataka kueleza upande wake: mkalimani haongezi wala hapunguzi. Kwa kuwa alisimama mbele za watu kutwa, alitakiwa awe na shati lililopigwa pasi na uso usio na unywele, na ndevu zake zilikuwa kaidi; akizinyoa alfajiri, kufikia magharibi zimekwisha kuchomoza. Hilo halikumsumbua mpaka mwaka mmoja kabla ya uhuru, mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Tuliusikia kwanza kabla ya kuuona, kwa kikombe kilichokuwa kikigonga kisahani. Kisha akaanza kwenda kazini na vidonda vidogo, leo shavuni, kesho chini ya mdomo, vimekandamizwa kwa shabu, lile jiwe la kuzuia damu, hadi vikawa vyeupe. Sasa katika nchi ya minazi kama yetu, mwanamume akitetemeka asubuhi na kuwa na vidonda usoni, watu hawamuulizi anaumwa nini. Wanaulizana nani anayemgemea tembo la mnazi. Baba hakuwahi kuonja tembo maishani mwake, lakini karani mmoja pale kazini, aliyekuwa na mpwa anayetafuta nafasi, alilitembeza neno hilo mpaka likatufikia sisi wenyewe kisimani.

Na ule ulikuwa wakati mbaya wa kusemwa. Wazungu walikuwa wanaondoka, wengine wanaingia, na kila mwezi kulikuwa na mtu tuliyemjua aliyeambiwa akabidhi ofisi na nyumba ya serikali aliyokaa. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji; nyumbani kwetu methali hiyo haikumchekesha mtu. Baba asingeweza kwenda kwa kinyozi kila siku, na hata angeweza, kinyozi wa sokoni alikuwa na mdomo mrefu kuliko mkasi wake. Kaka yangu alikuwa shuleni Mombasa. Mama alikataa katakata, na sikumlaumu: mama yake aliwahi kumnyoa mumewe kitandani akiwa mgonjwa, na kesho yake yule mzee akafa, basi Mama alikuwa ameapa kutompelekea mume wake wembe hata kwa utani. Nilibaki mimi, Mwanamisi, mwenye miaka kumi na miwili, niliyesifiwa mtaani kwa kushona kofia za vito, zile za vitundu vya uzi, bila kukosea tundu. Watu hupenda kusema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sikuulilia. Niliitwa, nikasema "Bee," nikaukuta umelazwa juu ya kitambaa cheupe ukinisubiri.

Alinifundisha kwa papai bichi. Kila alfajiri nilichuma moja uani, nikalipaka povu, nikalinyoa lile povu lote bila kugusa ngozi. Papai bichi halisamehe. Ukilikwaruza kidogo tu, utomvu mweupe kama maziwa hububujika, na hakuna kuficha. Baba alikaa kwenye kigoda akiniangalia, mkono wake wa kulia ameubana mapajani. Alinifundisha kuulaza wembe mpaka bapa likaribie kugusa, kuivuta ngozi kwa vidole vya mkono mwingine, kushuka na ndevu na si kupanda, na kutozungumza. Alinifundisha mkanda pia. Ila jiwe la kunolea, kinoo chake kilichofungwa kwenye kitambaa cha mafuta, alinikataza. Kinoo kilikuwa chake, mara moja kwa miezi miwili, siku ya mapumziko, maana wembe uliotoka kwenye kinoo huwa na ukali wa kijinga usiojua ngozi na nywele, na huhitaji mkanda mrefu na siku ya kutulia. Nilichuma mapapai ishirini na kitu. Mama alichoka kuyapika mchuzi. Siku lilipopita papai zima bila tone, Baba alifunika kola yake kwa taulo, akainua kidevu, akafumba macho.

Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa ile shingo. Niliuona mshipa ukipiga chini ya povu, karibu na koo, na nikajua kwamba baba yangu mzima, sauti yake na hasira yake na chakula chetu chote, viko chini ya vidole vyangu. Nikazuia pumzi mpaka macho yakaniuma. Nilipomaliza niliketi chini uani, naye akajipapasa mashavu, akasema tu, "Ahsante, mama," kisha akaenda kunywa chai. Basi ikawa ndiyo desturi: swala, kuni, maji, mkanda mara arubaini, kidevu, chai, ndoo mbili za kisimani, ndipo niende shule nikiwa na povu kavu kwenye kiwiko. Mlango wa uani ulifungwa kwa komeo wakati wote huo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri hii tuliijua watu watatu. Miezi ikapita, uhuru ukaja na bendera na ngoma zake, na uso wa Baba ukawa safi kila siku. Maneno ya tembo yakaanza kupoa.

Hayakupoa kwa karani. Hakimu mpya alipofika, kijana Mwafrika aliyesomea ng'ambo, alimkuta karani yule amekwisha kuandaa mashtaka dhidi ya Baba. Jirani yetu Mzee Bakari, askari wa mahakama, alikuja Jumamosi jioni akamwambia Baba kwamba Jumatatu ataitwa, na hakimu amesema atamwangalia kwa macho yake mwenyewe. Baba alimshukuru, akamuuliza hali ya watoto, kama kawaida. Mimi ndiye sikulala vizuri. Nilijiambia uso ule Jumatatu lazima uwe mwororo kuliko siku zote, uso ambao mtu akiuona aone haya kutamka neno tembo. Jumapili Baba alipokwenda msikitini adhuhuri, nikakifungua kitambaa cha mafuta, nikautia wembe kwenye kinoo. Niliuvuta pale mpaka ukakata unywele wangu hewani, nikafurahi, nikaupitisha kwenye mkanda mara chache upesi upesi kwa kuwa nilisikia mlango. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu halikuvunjika. Lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito, nikawasha kandili. Mpapaso wa kwanza tu, wa shavu la kulia, Baba alifumbua jicho moja.

"Wembe huu una meno leo," alisema.

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Ningesema, angenyanyuka, angeupitisha kwenye mkanda mpaka utulie, na muda ulikuwepo. Nilinyamaza. Nilikuwa na kiburi cha fundi na woga wa mtoto, na viwili hivyo vikikutana havizai neno la kweli. Naye hakuuliza tena. Alifumba jicho lake. Nilimaliza mashavu salama, nikamaliza juu ya mdomo, nikashuka chini ya taya, na pale, bila kusikia chochote mkononi, nikaona povu linageuka waridi, kisha jekundu. Kilikuwa kidonda kirefu kama kidole changu kidogo. Shabu haikukizuia. Tulikikandamiza kwa karatasi, kwa majivu, kwa pamba, na alipotoka kwenda kazini kilikuwa kimekauka kikawa mstari mweusi juu ya kola nyeupe, ambao hata kipofu angeuona. Hakunigombeza. Alisema nisichelewe shule.

Yaliyotokea tuliyapata kwa Mzee Bakari, aliyekuja mchana huo akaketi barazani na Mama, nami nikiwa jikoni nimeshika mwiko usiokoroga kitu. Hakimu hakuwa mtu mbaya, alisema Bakari. Alimuuliza Baba kama hunywa, Baba akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hanywi. Akaulizwa shingoni ni nini. Baba akajibu, "Nimejikata mwenyewe, mheshimiwa." Akaambiwa anyooshe mikono, akainyoosha, na kila mtu chumbani akaona. Karani akatazama chini kuficha furaha yake. Baba aliachishwa kazi, nasi tukapewa mpaka mwisho wa mwezi kuondoka kwenye nyumba, iliyokuwa ya serikali, na kwa kuwa Mama alikuwa na minazi ya urithi Munje, tukajua tutakwenda Munje. Bakari alipoaga, Mama alifunika uso kwa kanga. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia, nikajipiga mkono wa kulia ukutani.

Kesho yake sikuchemsha maji. Nilidhani kunyoa kumekwisha, kwani hakukuwa na hakimu wa kumwangalia. Nikamsikia Baba uani akiniita, akauliza maji yako wapi. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kigoda na taulo shingoni, na wembe ulikuwa umelazwa kwenye kitambaa. Nilipiga magoti nikamwambia yote, kinoo na kunyamaza kwangu, nikamwambia angesema ni mimi, nilitaka aseme ni mimi, sasa wao wote wanamwita mlevi.

"Niliujua wembe wangu tangu mpapaso wa kwanza," alisema Baba. "Kazi ilikuwa inaondoka, Mwanamisi, kwa kidonda au bila kidonda, mikono yangu waliiona. Ningekutaja, wangekuita usimame mbele ya wanaume wale useme ulivyomkata baba yako. Ungetoka pale, usingeshika tena wembe wala sindano. Kazi nimeikosa. Mkono wako bado nauhitaji."

Kisha akanikataza kulisimulia jambo hilo kwa mtu, akainua kidevu. Mkono wangu ulitetemeka kuliko wake. Alingoja bila kufumbua macho, mpaka ulipotulia.

Nilimnyoa miaka tisa, Kwale na Munje, hata siku zangu za uchumba, hata asubuhi niliyoolewa. Leo wajukuu zangu hunyoa kwa viwembe vya plastiki huku wakiangalia simu, wakavitupa, na akitetemeka mtu kama Baba, daktari huko Msambweni humpa ugonjwa jina na vidonge, na hakuna anayetaja tembo. Nafurahi kwa hilo, siwezi kusema uongo. Siku hizi pia watu husema kila kitu chao kwa kila mtu, nami nilizoea kuwacheka. Lakini wapo wazee wa Kwale waliozikwa wakiamini kwamba mkalimani wao alifukuzwa kwa ulevi, na wapo watoto wao wanaoamini hivyo mpaka sasa, na mimi nimetii amri ya Baba muda mrefu kupita kiasi. Baba hakunywa, na hakujikata. Nilimkata mimi.