Bao la Mwisho la Mke Wangu

Nilimwoa mke wangu akiwa mshambuliaji wa timu ya taifa, lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akicheza. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi. Nilishinda kwenye barabara ya Kibumba, naye timu ikawa inamwita Kinshasa, kisha nchi za mbali. Mabao yake niliyasikia redioni, katikati ya magunia. Mtangazaji alipolitaja jina lake nilihisi anamsema mtu mwingine, si huyu anayenisonya kwa kuacha viatu mlangoni.

Mama yangu hakumtaka. "Mutoto yangu," aliniambia kabla ya harusi, "mwanamuke wa mupira, miguu yake ni ya njia. Atakaa kwako?"

Alikaa. Alizaa, akarudi uwanjani, akazaa tena, akarudi tena, mpaka goti la kulia lilipochanika ndani kwenye mechi ya ugenini. Alishuka kwetu Goma na magongo, akazifungia jezi sandukuni.

Mwaka jana wasichana wa Mabanga, mtaa wetu, wakamwandalia mechi ya kumuaga. Daktari alimruhusu dakika chache tu za mwisho. Nilikwenda na mama, rozari mkononi mwake.

Alipoingia akichechemea, wengine walicheka. Nikaangalia chini. Nilipoinua macho, mpira ulikuwa unamjia kutoka pembeni, juu, nyuma yake kidogo, na beki kijana mwenye mbio alikuwa amemganda mgongoni. Mke wangu hakuruka. Alirudi kidogo, akaupokea kwa kifua taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga, akazunguka, na beki akabaki amekumbatia hewa. Mpira haujagusa bado changarawe, akasimama kwa ule mguu wa goti bovu na kuupiga kwa kushoto. Sikuuona ukienda. Niliona nyavu zinatetemeka.

Uwanja mzima uliinuka. Kisha kelele zikapasuka. Mama alikuwa amepanda juu ya benchi, anapeperusha kitenge chake huku machozi yanamtoka. "Ni bibi ya mutoto yangu, muke yake! Munamuona? Ni wa kwetu!"

Mimi nilibaki nimekaa. Nimelala kando ya mtu huyu, nimekula ugali aliousonga, na sikujua nakaa na nani.

Mimi na mama tulimkuta mke wangu amekaa chini nje ya uwanja, goti limevimba.

"Mbona hukuniambia unaweza kufanya vile?"

"Nilikuambiaka, papa ya batoto. Kila mara niliporudi. Weye ulikuwa unauliza tu kama tulishinda."

Niliinama. Nikajaribu kumwinua, hakuweza kukanyaga. Hapo mzee mmoja aliyekuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akasimama mbele yetu. Alimtazama mke wangu kama anayemjua. Bila kuulizwa, akashusha magunia yake ya makaa, akayaacha kwa muuza ndizi, akavua shati na kufuta vumbi jeusi kwenye ubao.

"Mama," alisema, ameinamisha kichwa, "ikala hapa."

Mke wangu akakaa, viatu vya mpira mapajani. Mzee akashika usukani, mimi nikasukuma kwa nyuma, na mama yangu akatangulia, akiwapigia kelele wenye pikipiki watupishe.